Mama wa Dakika Nne

Jumanne, tarehe 14 Machi 2062. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito hapa Tukuyu, na mvua ndogo isiyo na haraka, ile inayolowesha sweta kabla hujajua kuwa inanyesha. Nilikaa kwenye mashine yangu ya kufuma tangu saa moja, nikamaliza masweta mawili ya kijani ya watoto wa shule, na saa kumi na nusu jioni nikafunika mashine kwa kitenge, nikachukua daftari na kwenda darasani.

Darasa letu liko kwenye ukumbi wa zamani wa kwaya, nyuma ya kanisa. Tuko wanafunzi sita. Nina miaka hamsini na minane, wala si mkubwa kuliko wote. Mzee Mwasomola, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, ana sabini na moja. Mwalimu wetu, Lugano, ni rika la binti yangu Bupe, na kila jioni anatuamkia shikamoo kwanza ndipo atufokee.

"Kazi ya wiki hii," alisema, "kila mmoja achague video moja anayoipenda. Aichote kwa Chota, aigeuze iwe faili la kawaida, ailete Ijumaa. Tutaiangalia kwenye ile pale."

Alionyesha skrini ya zamani ukutani, yenye ufa kwenye kona. Haina mtandao wala jicho la kumsoma mtazamaji. Chota nayo ni programu ya bure. Ukiifungua hukuti jina la kampuni, unakuta orodha ndefu ya watu wa nchi mbalimbali walioiandika kwa kujitolea, na chini yake maneno mawili: Chukua, gawa.

"Kwa nini tuichote wakati ipo tu mtandaoni?" Mzee Mwasomola aliuliza.

"Fungueni wote wawili mechi ya Jumamosi," Mwalimu alituambia mimi na yeye. Tukafungua. Baada ya muda Mzee akachungulia kioo cha kompyuta yangu.

"Mbona kwako goli letu limerudiwa mara moja tu?"

"Kwako limerudiwa mara ngapi?"

"Mara nne. Na refa alikuwa mtu mzuri sana."

Tulicheka. Jambo hilo wote tulilijua kijuujuu, kama unavyojua kuwa muuza duka anakuwekea pembeni ile chumvi unayoipenda. Mwalimu hakucheka.

"Video za siku hizi hazikai kabatini zikikungoja," alisema. "Kila moja inatengenezwa pale unapoifungua, kwa ajili yako. Kile kijicho juu ya kioo kinakusoma uso. Ukikunja paji, inapunguza. Ukitabasamu, inaongeza. Ukifunga, imekwisha, haipo tena. Chota inakaa pembeni yako kama mtu mwenye kikombe. Kila picha inayokujia, inaichota, halafu inazigeuza zote kuwa faili moja. Na faili halikuangalii. Kwa hiyo mkae mbele ya kioo mpaka mwisho. Ukiondoka, hakuna kinachokuja."

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Mama yangu, Anyandwile, alifariki miaka kumi na moja iliyopita kwenye zahanati moja, mimi nikiwa Mbeya. Nilikwenda kuchukua nyuzi, nikabaki siku mbili zaidi kwa sababu ya arusi ya rafiki yangu. Kabla hajafa alirekodi maneno yake kwa Faraja, huduma inayowatunzia watu sura na sauti za marehemu wao. Kila Jumapili baada ya ibada ninaifungua, na mama, amefunga kilemba chake cha bluu, ananiambia: "Tusekile mwanangu, usijilaumu. Nilijua uko njiani. Nimekusamehe." Dakika tisa anaongea nami. Nimeishi kwa maneno hayo. Nyumbani kwetu si adabu kumwuliza ndugu yako marehemu alimwambia nini, kwa hiyo sikuwahi kuwauliza wadogo zangu, Tupokigwe na Ambilikile, wao wanasikia nini.

Nikamfungua mama ndani ya Chota. Nikazima sauti nisisumbue wengine. Programu ikaandika: Uko tayari?

Sina mazoea ya kubonyeza kitu nisichokielewa bila kumkabidhi Mungu. Nikabonyeza, nikafumba macho, nikaomba. Nilimwombea Mwalimu na darasa lake, nikamwombea Bupe na mimba yake, nikawaombea wale watu wa kwenye orodha ambao siwajui. Mwisho nikashukuru kwa ajili ya mama.

"Mama Bupe akianza kuomba," nilimsikia Mzee Mwasomola akimnong'oneza jirani yake, "hata umeme unapiga magoti."

Niliposema amina na kufumbua macho, kazi ilikuwa imekwisha. Kioo kiliandika: Dakika nne na sekunde kumi na moja.

Nilidhani nimeharibu. Nikalipeleka faili kwenye kompyuta ya zamani iliyo chini ya skrini, nikavaa vipokea sauti, nikalifungua peke yangu huku wenzangu wakihangaika na ya kwao.

Mama hakuwa na kilemba. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, zimelala upande mmoja. Shuka lilikuwa na doa. Nyuma yake gurudumu la kitoroli lilikuwa likilia. Alikohoa kwa muda mrefu kabla hajaanza, na hakuna mtu aliyekikata kikohozi hicho.

"Mimi Anyandwile," alisema. "Jiko niliacha mimi. Niliacha chini ya kichanja cha kuni nikaenda mazoezi ya kwaya. Ambilikile alikuwa amelala. Waliposema ni yeye, nikanyamaza. Nilikuwa kiongozi wa kwaya, nikanyamaza. Nilimwona makaburini amesimama nje ya ua, ana udongo mkononi, hawakumruhusu aingie. Nikanyamaza pale pia." Akakohoa. "Tusekile hajafika. Akifika, mwambieni ampeleke Ambilikile kwa baba yake. Akatupe udongo. Mwambieni asikawie."

Kisha akageuza uso ukutani. Sekunde arobaini zilizobaki ni mgongo wake tu.

*

Lazima nieleze habari ya moto, kwa sababu bila hiyo hakuna linaloeleweka.

Mwaka 2048 nyumba ya baba iliungua saa kumi jioni. Baba aliingia kumtoa mdogo wetu Ambilikile, aliyekuwa amelala chumba cha uani baada ya kutoka arusini, na alimtoa. Yeye mwenyewe aliungua, akaishi siku tisa, akafa. Watu walisema Ambilikile alikuwa amelewa, akabandika maji ya kuoga, akaacha jiko lina moto. Yeye alisema hakumbuki kubandika maji. Ukoo ulikaa, ukaamua asitupe udongo kwenye kaburi la baba. Kwetu, mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la mzazi ni kama amekatwa kwenye hesabu ya watoto. Aliondoka wiki ile ile. Sasa anaishi Kyela, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na katika miaka kumi na minne hajakanyaga nyumbani. Mama alipozikwa, alisimama barabarani.

Nami nilikuwa kwenye kikao kile cha ukoo. Sikupinga.

Usiku ule nilipiga magoti lakini sala haikwenda. Kila nilipofumba macho nilimwona mama asiye na kilemba. Nilijiuliza: yupi mama yangu? Huyu wa miaka kumi na moja ya Jumapili, au huyu wa dakika nne?

*

Jumatano nilimweleza Mwalimu, kwa sababu nilihitaji mtu wa kuniambia kwamba nimekosea kubonyeza. Mzee Mwasomola alikuwepo. Alitaka kuondoka, nikamwambia akae.

Mwalimu Lugano alilisikiliza faili mpaka mwisho. Akavua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Rudia mbele yangu, mama," alisema. "Vile vile kama jana."

Nikakaa, nikabonyeza, nikakodoa macho kwenye kioo kwa bidii. Chota ikachota. Faili likatoka la dakika tisa, mama ana kilemba, amenisamehe. Nikarudia. Dakika tisa na nusu, mama ana kilemba, sasa anasema na habari za masweta yangu, kwamba ni mazuri. Mara ya tatu aliniita kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa msichana, na machozi yakanitoka, na kadiri yalivyonitoka ndivyo alivyozidi kuniita.

"Hivi sivyo ulivyofanya jana," Mzee Mwasomola alisema.

"Ndivyo hasa."

"Sivyo. Jana uliomba. Mimi nilikaa nakuangalia wewe, kazi yangu ilikuwa imenishinda. Tangu ulipobonyeza mpaka ulipomaliza hukufumbua macho hata mara moja. Nilisema moyoni, mama huyu amelala."

Mwalimu alivaa miwani yake upesi.

"Rudia," alisema. "Fumba."

Nikafumba. Sikuweza kuomba, nilihesabu tu pumzi zangu. Niliposikia mlio wa mwisho nikafumbua. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Mwalimu akaweka faili hilo pamoja na la jana na kuiambia mashine iyalinganishe. Mashine ikajibu kwamba hakuna tofauti, wala nukta moja. Yale matatu ya macho wazi, hakuna mawili yaliyofanana hata kwa urefu.

"Mtu akiondoka, Faraja hujifunga, lakini akifumba macho husimama tu," Mwalimu alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Inadhani amelala. Lakini Chota haiiruhusu kusimama. Inaendelea kuidai picha inayofuata. Na uso uliofumba macho Faraja haiwezi kuusoma. Haijui ikufurahishe na nini. Inabaki na kitu kimoja tu cha kutoa, kile ilichopewa siku ya kwanza."

"Kwa hiyo hii ndiyo kweli," nikasema.

"Mama, mimi siwezi kukuthibitishia kweli. Naweza kukuthibitishia kwamba hii haibadiliki."

"Mwalimu naye," Mzee Mwasomola alisema. "Ukimwuliza mvua inanyesha, anakujibu kuna maji yanatoka juu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Aliinuka akachukua kofia yake. "Mama Bupe," alisema, "mimi nimetengeneza mitambo miaka arobaini. Nikitaka kujua chombo kinafanya nini hasa, nakifungua kikiwa hakina mzigo. Hicho ulichokipata ni chombo bila mzigo. Pole sana."

*

Alhamisi nilivunja adabu ya nyumbani kwetu. Nilikwenda kwa mdogo wangu Tupokigwe, nikamkuta anamenya ndizi jikoni, nikavuta kigoda.

"Mama anakuambia nini?" nikamwuliza.

Kisu kilisimama. "Dada, hilo unaliuliza?"

"Naliuliza."

"Ananishukuru kwa uji. Anasema mkono wangu ulikuwa mwepesi, kwamba nilimuuguza vizuri. Unataka nini?"

"Hasemi habari ya jiko?"

Tupokigwe aliendelea kumenya, lakini alikuwa akimenya nyama ya ndizi pamoja na ganda.

"Nilikuwepo," alisema hatimaye. "Muuguzi alikuja na kile kioo cha kurekodia, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Nilimsikia anasema jiko aliliacha yeye. Nilimsikia akitaja jina lako na la Ambilikile. Nikaogopa. Akafa alfajiri, wewe hujafika, mambo yakawa mengi. Baada ya mazishi nikasema nitamwonyesha dada, asikie mwenyewe. Nikafungua Faraja nihakikishe kwanza. Hakukuwa na jiko. Kulikuwa na uji tu, na mama ana kilemba chake."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua tena kesho yake. Uji. Nikafungua mwezi mzima. Dada, mimi nilikuwa sijalala siku sita wakati ule. Nikasema labda lile la jiko niliota. Kioo hakina usingizi, mimi ndiye nilikuwa na usingizi. Nikaamini kioo."

Nikatoa kompyuta ndogo ya darasani ambayo Mwalimu aliniazima. Nilipotaka kufungua faili, aliweka kiganja chenye utomvu wa ndizi juu ya mkono wangu.

"Usifungue."

"Ulimsikia mwenyewe, Tupo. Sasa utajua hukuota."

"Nitajua, halafu?" Hakupandisha sauti. "Utakwenda kusimama kanisani na kusema Anyandwile alimwua mume wake na akamsukumia mwanawe? Picha yake iko ukutani kwenye chumba cha kwaya. Wajukuu wanamwimbia. Na mimi nimebaki na nini? Nimebaki na uji. Usiniondolee mama."

"Na Ambilikile?"

"Ambilikile naye anayo Faraja yake. Kama mimi ninashukuriwa, yeye si atakuwa anapewa maneno mazuri kuliko yote? Ana mke, ana watoto, ana shamba la kokoa. Ametulia. Wewe una hakika gani kwamba anataka kuamshwa?"

Sikuwa na hakika. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, nikajaribu kupanga mawazo kama Mwalimu anavyotufundisha kupanga hatua za programu: kwanza hili, kisha lile. Hayakupangika. Nikisema, ninamvua mama kilemba mbele ya watu. Nikinyamaza, ninafanya vile vile alivyofanya yeye makaburini. Na kulikuwa na jambo la tatu nililoona haya hata kumwambia Mungu. Katika dakika nne zile mama hakunisamehe. Hakunilaumu pia. Alinipa kazi, na akasema nisikawie. Nimekawia miaka kumi na moja, na kila Jumapili nimekaa mbele ya kioo nikiambiwa nisijilaumu.

*

Ijumaa jioni ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Wanafunzi walikuja na ndugu zao kuona kazi. Mzee Mwasomola alionyesha faili la mechi, goli limerudiwa mara nne, akapigiwa makofi. Mama mmoja alionyesha mapishi. Tupokigwe alikuja pia, hakunisalimu, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Ilipofika zamu yangu, Mwalimu alinitazama na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, si lazima."

Nilisimama mbele ya skrini yenye ufa nikiwa na flashi yenye faili la mama mkononi. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi na kuonyesha video ya kufuma. Badala yake nilichukua simu yangu nikampigia mdogo wangu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo mbele ya watu. Labda nilijijua kwamba nikiwa peke yangu nitakata kabla hajapokea.

"Dada Tusekile," alisema Ambilikile. "Shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Niko darasani, watu wanakusikia. Kuna jambo nataka kukuuliza, na ukitaka nizime sauti nitazima."

"Mimi sina siri, dada. Mambo yangu yote yalishajulikana." Alicheka kidogo. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu.

"Mama anakuambia nini kwenye Faraja?"

Nilijua ninamvunjia adabu ya nyumbani, hata yeye ambaye nyumba ilimtoa.

"Ananisamehe," akasema.

"Anakusamehe nini?"

"Jiko, dada. Anasema, mwanangu, lile jiko nimekusamehe, na baba yako amekusamehe. Kila Jumapili. Ndilo lililonifanya nisijiue kule mwanzo, nakuambia ukweli."

Nilisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya ukumbi.

"Lakini wewe siku ile ulisema hukubandika maji," nikasema. "Ulisema mbele ya ukoo. Hukumbuki?"

"Nakumbuka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nagombana na kioo. Namwambia, mama, sikubandika. Yeye anazidi kulia na kunisamehe. Nikachoka kugombana na mama anayenisamehe. Halafu siku moja, miaka mitano imepita, niko shambani, nikakumbuka."

"Ukakumbuka nini?"

"Mkono wangu, dada. Nikaona mkono wangu unalishika jiko, unalisukuma chini ya kichanja. Kabisa, kama ninavyokusikia wewe. Nikapiga magoti pale pale kwenye kokoa. Nikasema Bwana, kumbe ni mimi. Tangu siku hiyo nimepata amani. Ndaga, dada, kwa kuniuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilitazama flashi kiganjani mwangu. Ni kitu kidogo kuliko kifungo cha sweta. Ndani yake kulikuwa na dakika nne za kumwambia mtu kwamba mkono aliouona haukuwa wake, na kwamba amani aliyoipata amepewa badala ya haki yake. Na kwamba mama aliyemzuia asijiue hakuwahi kusema neno hata moja katika yale. Nilijaribu kujua lipi ni la huruma na lipi ni la ukatili, na sikujua. Mpaka ninapoandika haya sijajua vizuri.

Nilitaka kuomba. Nikaanza kufumba macho kwa mazoea, nikaona nyuso za watu: Mwalimu ameshika miwani, Mzee Mwasomola amevua kofia. Nikaona nisifumbe. Nikaomba nikiwa nawatazama, kwa maneno machache, nikasema Mungu wangu sijui, nisaidie nisikawie.

Ndipo Tupokigwe akasimama kule nyuma. Alikuja mpaka mbele taratibu, akipita kati ya viti, akainama kwenye simu.

"Ambilikile," alisema. "Ni Tupo. Nilikuwa mlangoni siku ile mama anarekodi. Sikuota." Akanishika mkono ule wenye flashi, akaufumba kwa mikono yake miwili, na hakuuachia.

"Kuna nini huko?" Ambilikile aliuliza. Sasa hakukuwa na kicheko. "Dada, mnanitisha. Kuna nini?"

"Mdogo wangu," nikasema, "kuna maneno ya mama ambayo hujayasikia. Siwezi kukuambia kwa simu, na sitamwonyesha mtu mwingine kabla yako, hata hawa walio hapa. Yataumiza. Kuna kitu ulichokipenda kitaondoka, na sina cha kuweka mahali pake ila mimi mwenyewe."

"Sielewi."

"Hata mimi sielewi yote. Nisikilize tu, na hawa wanisikie. Mwalimu Lugano, Mzee Mwasomola, na wewe Tupokigwe, na ninyi nyote ambao sijawataja." Nikaisogeza simu karibu. "Mimi Tusekile, binti wa Anyandwile, naahidi. Kesho Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, nitakuja Kyela. Nitakaa kando yako macho wazi mpaka dakika ya mwisho, na ukitaka kunifukuza baada ya hapo utanifukuza. Usiponifukuza, tutapanda gari pamoja, turudi nyumbani, tuingie ndani ya ua wa makaburi, na wewe utatupa udongo kwa baba. Atakayesimama mlangoni kukuzuia, atanikuta mimi nimetangulia."